Rangi ya Mashua kwenye Gari Letu

Gari letu lilikuwa jeupe, dogo, la milango minne, na lilikuwa limeshazeeka lilipofika mikononi mwetu. Mume wangu aliliegesha kila siku nje ya lango la hoteli moja ya Diani, chini ya mti wa mkungu, akingoja wageni wanaotaka kupelekwa Mombasa au Shimoni. Mimi nilikuwa natandika vitanda katika hoteli hiyohiyo. Sisi ni watu wa bara, Wakristo. Tulikuja pwani tukiwa tumeoana karibuni, na watoto wetu wawili wamezaliwa Ukunda.

Tulipanga vyumba viwili kwa Mdigo mmoja aliyekuwa rika la mume wangu. Yeye na mkewe walikaa upande wa mbele wa nyumba, sisi tukakaa nyuma, na ua ulikuwa wetu sote. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi kwenye mahoteli: kuta, mabango, na zile mashua za sakafu ya kioo zinazowapeleka wageni kutazama samaki. Ingawa ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mume wangu alimwita jirani, naye akamwita mume wangu jirani, wakazoea hivyo. Mkewe aliniita dada nami nikamwita dada.

Mwishoni mwa miaka ya tisini vurugu zilizuka pwani, na watu wa bara tukaambiwa tuondoke. Tuliingia kwenye uwanja wa kanisa pamoja na wenzetu, na magodoro, na masufuria, na kuku wa mtu mmoja waliofungwa miguu. Gari tuliliacha nyumbani, kwa sababu tulisikia magari yalikuwa yakisimamishwa njiani. Mke wa mwenye nyumba alikuja mpaka kwenye lango la kanisa akiwa na sufuria ya uji wa watoto aliyoifunika kwa leso. Hakuingia. Alinikabidhi ile sufuria kupitia nafasi ya lango, akaniambia nyumba ni salama, akaondoka upesi bila kugeuka.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa salama kweli. Kufuli ilikuwa kama tulivyoiacha. Lakini gari lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa msumari, au kwa kitu kama msumari, kuanzia mlango wa mbele hadi juu ya gurudumu la nyuma. Herufi zilikuwa kubwa na zimechimba rangi hadi kwenye bati. RUDINI BARA.

Mwenye nyumba alitoka nje akiwa amevaa kikoi na fulana, akasimama kando yetu.

"Jirani," alisema, "siku ile nilijifungia ndani na mke wangu. Nilisikia watu wakipita njiani, sikutoka. Kulipokucha nikayakuta haya."

"Asante kwa kuniangalizia nyumba," mume wangu alimjibu.

Mume wangu alipitisha kidole kwenye herufi ya kwanza, kisha akakifuta kwenye suruali.

Wageni walikuwa wameondoka karibu wote. Hoteli yetu ilifunga jengo moja, halafu jingine, kisha meneja akatuita kwenye ukumbi wa chakula akatuambia twende nyumbani tutaitwa. Mwenye nyumba naye aliachishwa, akapewa makopo ya rangi iliyobaki stoo kuwa sehemu ya malipo yake. Ikawa asubuhi tunakaa uani sote wanne, watu wazima wenye nguvu zao, hakuna aliye na mahali pa kwenda. Mke wake na mimi tulipalilia mchicha mpaka ukakosa gugu la kung'oa.

Chumvi ya pwani haisubiri. Zile herufi zilianza kushika kutu mapema, na zilivyoshika kutu ndivyo zilivyozidi kuonekana. Mwanzoni zilikuwa mistari ya kijivu juu ya weupe. Baadaye zikawa nyekundu, na mvua iliponyesha kidogo kutu ikachuruzika chini ya kila herufi. Mume wangu aliligeuza gari upande ulioandikwa ukaelekea ukutani, lakini kila alipolitoa kwenda kutafuta abiria, walinzi wa malango ya hoteli walimwomba asogee mbali kidogo. Walimwomba kwa adabu. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu kabisa.

Binti yetu mkubwa ndiye aliyetufanya tuanze. Alikuwa ndiyo kwanza anajua kuunganisha silabi, na alikuwa akisoma kila kitu: mifuko ya unga, makopo ya samli, kalenda. Siku moja nilikuwa naanua nguo nikamsikia ukutani, kwenye ile nafasi nyembamba kati ya gari na ukuta, akisoma kwa sauti, "Ru-di-ni. Ba-ra." Akarudia kwa haraka zaidi, akafurahi kwamba ameweza. Kisha akaja akaniuliza, "Mama, bara ni wapi?"

Mume wangu aliinuka alipokuwa amekaa, akaenda dukani, akarudi na karatasi za msasa.

Kulipeleka gari Mombasa kwa mafundi wa bodi hatukuweza hata kulifikiria. Alianza mwenyewe, kwa maji ya ndoo na msasa, akisugua herufi moja baada ya nyingine. Hakujua kazi ile. Alisugua kwa nguvu za hasira, na badala ya kulainisha kingo za mikwaruzo alifanya mabonde. Mahali pengine bati lilikuwa limeliwa kwa ndani miaka mingi bila sisi kujua, na msasa ukatoboa. Alikaa kitako chini akatazama lile tundu, mkono wake ukiwa bado juu ya mlango.

Mwenye nyumba alikuwa akitazama kutoka barazani kwake. Alishuka, akachuchumaa kando yake.

"Jirani, nipishe nikuonyeshe."

Mume wangu alisita. Nilimwona akisita. Tulikuwa na miaka mingi katika ua ule, lakini siku zile kila mtu alikuwa akimpima mwenzake, na sisi tulikuwa hatujui nani aliyeshika ule msumari. Hatimaye alimpa msasa.

Tangu siku ile walifanya kazi pamoja. Mwenye nyumba alitoa makopo yake ya rangi ya mashua, ya samawati iliyokolea. "Nyeupe sina," alisema, "lakini hii imetengenezwa kwa maji ya chumvi. Itashika." Mume wangu alinunua fila kidogo, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mabati, na thina ya kuzimulia rangi. Vioo walivifunika kwa magazeti. Mimi na dada tuliwaletea chai ya rangi na mihogo, na kulikuwa na asubuhi nyingine tuliwasikia wakicheka. Nakumbuka mwenye nyumba alimweleza jinsi mgeni mmoja alivyomwomba ampake rangi ya mashua kwenye kucha za miguu, na mume wangu akacheka hadi akaweka msasa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kanisani.

Walikusudia kuanzia nyuma kuja mbele. Lakini kabla hawajafika mbali wakabadili mpango, wakamaliza kwanza mlango wa mbele kwa sababu ndio uliokuwa umetoboka. Kwa hiyo alasiri ile askari walipokuja, neno RUDINI lilikuwa limezibwa kwa fila na kupakwa rangi ya chini ya kijivu. Lililobaki wazi lilikuwa BARA.

Walikuja kwa lori, wakashuka njiani, wakaingia nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume wenyeji wa pale. Tulikuwa tumeshasikia kwamba wanafanya hivyo Kwale yote. Waliingia uani bila hodi. Walimwambia mwenye nyumba asimame. Alisimama, kitambaa cha kufutia kikiwa mkononi, vidole vyake vina rangi ya kijivu.

Mkubwa wao aliliangalia gari. Alisoma ile herufi ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho, akageuka.

"Nani aliandika hapa?"

"Hatujui," mume wangu alisema. "Tulikuta tuliporudi kutoka kanisani."

"Gari ni lako?"

"Langu."

"Na huyu anafanya nini kwenye gari lako?"

"Ni mwenye nyumba wangu. Ananisaidia kulipaka rangi. Huyu ni mtu mwema, afande. Mkewe aliwaletea watoto wangu uji kanisani."

"Wewe ulikuwepo wakati maandishi yanaandikwa?"

"Sikuwepo."

"Basi unajuaje si yeye?"

Mume wangu alifungua kinywa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na mtoto mdogo kiunoni, nami nikatafuta jibu pamoja naye, na sikulipata. Nimelitafuta miaka mingi baadaye pia. Swali lilikuwa limefungwa pande zote. Ukisema hukuwepo, hujui. Ukisema ulikuwepo, umesema uongo, na kama ulikuwepo kwa nini hukumzuia.

"Namjua," alisema mwishowe. "Nakaa naye."

"Unafuta ushahidi," yule askari alimwambia mwenye nyumba, wala hakumjibu mume wangu. Wakamshika.

Mkewe alikuwa ametoka jikoni. Alirudi ndani akaleta shati, kwa sababu mumewe alikuwa na fulana tu, akalinyoosha kuwapa askari, lakini hakuna aliyelipokea. Lori liliondoka, naye akabaki amelishika kwa mikono miwili mbele yake, kama anayeanika.

Kesho yake asubuhi mume wangu alikwenda kituoni. Alivaa shati lake la kazi lenye kola na viatu vya kufunga. Mimi na dada tulimfuata tukiwa na chakula. Ofisa aliyekuwa mezani alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kwao ni wapi, na aliposikia, akabadili lugha. Alizungumza naye kwa lugha yetu, ile ya nyumbani, ambayo tulikuwa hatujaisikia kwa mtu mwenye mamlaka tangu tuhamie pwani.

"Ndugu yangu," alimwambia, "hawa watu wewe huwajui. Umeponea chupuchupu na bado unawatetea. Nenda nyumbani ukae na watoto wako."

Mke wa mwenye nyumba alikuwa amekaa kando yangu kwenye benchi. Hakuielewa lugha, lakini alimwona yule ofisa akitabasamu, akadhani mambo yanakwenda vizuri. Alinigusa mkono akaniuliza taratibu, "Amekubali?"

Nilimwambia bado.

Chakula walikipokea. Vyombo vilirudi vitupu, na hatukuweza kujua ni nani aliyekula. Tuliporudi tena siku nyingine tukaambiwa amehamishwa, na aliyekuwa mezani hakuweza, au hakutaka, kutuambia amepelekwa wapi. Mume wangu aliomba aandike maelezo yake. Wakamwambia maelezo yake hayahitajiki kwa kuwa yeye si mshtaki. Akasema basi anataka kuwa shahidi. Wakamuuliza, shahidi wa nini, wakati amekwisha kusema hakuona chochote.

Ndipo mvua zilipokuja. Zile mvua kila mtu wa pwani wa umri wangu anazikumbuka. Barabara ilikatika huku na huku, vyoo vilijaa, makuti ya jikoni yakaoza yakatuangukia. Gari lilikaa uani nusu nyeupe nusu kijivu, na magazeti kwenye vioo vyake vyote, yakilowa na kuchanika. Mume wangu hakuligusa. Alisema si haki kuligusa mwenzake akiwa ndani. Nadhani pia hakuweza kukaa pale alipokuwa amekaa naye.

Mke wa mwenye nyumba ndiye aliyemwambia.

"Shemeji, limalizeni," alisema siku moja, amesimama mlangoni kwetu na leso kichwani kujikinga na matone. "Hilo gari likikaa hivyo, kila askari akipita ataingia kuuliza. Mimi sitaki waingie tena."

Tulisubiri mvua ianuke. Siku jua lilipochomoza tulitoka sote watatu, pamoja na brashi za mwenye nyumba ambazo mkewe alizitoa kwenye kopo la mafuta ya taa alimozihifadhi mumewe. Mume wangu alisugua neno lililobaki, akaziba, akasugua tena. Mimi nilikoroga rangi kwa kijiti. Tulipaka kwa brashi kwa sababu hatukuwa na kingine, mume wangu mlango, mimi boneti, dada upande wa nyuma, naye alipaka vizuri kutushinda sisi sote wawili. Niligundua katikati ya kazi kwamba analia, lakini mkono wake ulikuwa unakwenda sawasawa, kutoka juu kwenda chini, na sikujua kama nimsemeshe au nimwache. Nilimwacha.

Jioni mawingu yalirudi. Tulikimbilia turubai, likaangukia rangi mbichi likanata. Asubuhi tulipolibandua lilitoka na vipande. Mahali palipokuwa hapajaguswa na turubai, rangi ilikuwa imetoa ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na kumbikumbi walikuwa wamekwama humo wengi, mabawa yao yamelala bapa. Tulingoja ikauke tuipige msasa. Haikukauka. Siku baada ya siku ukiigusa kidole kinaacha alama. Tulipaka tena juu yake, hali ikawa mbaya zaidi, ikajikunja kama ngozi ya maziwa. Mume wangu alisema basi, inatosha, na akaenda kunawa mikono kwa thina.

Hilo ndilo gari tuliloendesha tangu hapo. La samawati, lenye mikunjo, lenye mabawa ya wadudu. Ukisimama upande wa jua la asubuhi bado ungeweza kuona mahali fila ilipozama, lakini usingeweza kusoma.

Mwenye nyumba alirudi mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha. Hakushtakiwa. Aliachiliwa tu, kama alivyochukuliwa, bila mtu kumweleza lolote. Alitembea kutoka stendi ya Ukunda amevaa shati ambalo halikuwa lake. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alimwona na hakumkimbilia. Alimwangalia kwanza miguu, kisha uso. Halafu akaingia ndani kumwekea maji ya kuoga, na sisi tulirudi chumbani kwetu tukafunga mlango ili wawe peke yao.

Alitoka baadaye, ameoga, amekonda, akalizunguka gari. Mume wangu alitoka kumlaki. Walikumbatiana kwa muda mrefu, na mwenye nyumba alitumia mkono mmoja. Mkono wa kulia aliuweka karibu na tumbo.

"Mmepaka kukiwa na unyevu," alisema.

"Tulishindwa kungoja," mume wangu alijibu. "Nisamehe, jirani. Nilikwenda kule. Nilisema nilichoweza."

"Nilikusikia," alisema. "Siku ile ya kwanza. Nilikuwa chumba cha nyuma ya ile meza ya kituoni. Nilikusikia ukisema unanijua."

Mume wangu alifunika uso kwa kiganja. Mwenye nyumba aligeuka kulitazama gari, akampa nafasi.

Vidole vya ule mkono wa kulia vilikuwa havifungi. Hakutusimulia kilichoupata, nasi hatukumuuliza. Mume wangu alimpeleka hospitali ya Msambweni kwa gari lile, na baada ya hapo ikawa desturi, maana daktari alitaka afike mara kwa mara kwa mazoezi. Mara nyingine nilikwenda nao. Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari, na kila tulipokikaribia niliona mabega ya mwenye nyumba yakipanda. Mume wangu angeteremsha kioo, awasalimu, wamtazame yeye, wamtazame mwenzake, walitazame lile gari la ajabu, kisha waturuhusu. Mabega yalishuka tukiwa tumekiacha mbali.

Hospitalini walimpa kitambaa kilichokunjwa, wakamwambia akiminye. Alikiminya njia nzima ya kurudi. Alikiminya barazani akiongea na watu. Daktari alikuwa mpole, na alikuwa anasema kweli, kwa hiyo ilipofika wakati alimwambia kwamba mkono umefika utakapofika. Utabeba ndoo. Brashi hautaishika.

Mwaka uliofuata wageni wachache walianza kurudi, nami nikaitwa kazini. Hoteli ilitafuta watu wa kupaka rangi upya majengo yaliyokuwa yamefungwa, na msimamizi alimtumia mwenye nyumba salamu kupitia kwangu kwamba nafasi yake ipo. Nilizifikisha salamu. Alizipokea, akasema niwashukuru sana, akageuza chumba cha mbele kuwa duka la makaa na mafuta ya taa. Gari tulimuuzia mtu wa Lunga Lunga aliyetaka injini tu. Alituambia bodi hana haja nayo.

Tuliendelea kukaa katika nyumba ile miaka mingine. Aliyeandika hatukumjua, na kadiri nijuavyo hakuna aliyemtafuta. Ukuta uliotenga chumba chetu na cha mwenye nyumba ulikuwa wa udongo na haukufika juu kabisa, na asubuhi, nikiwa navaa sare yangu ya kazi, nilikuwa nawasikia. Mke wake alikuwa akimfunga vifungo vya shati. Mumewe angesema, "Niachie, nitafunga mwenyewe." Angemwachia. Nami ningesimama na kiatu kimoja mkononi, nikijizuia kupumua, nikimwombea kifungo kimoja tu kiingie. Kisha ningemsikia mkewe akisema kwa upole, "Haya, lete."